Moroko: Treni Yatosha, au Tulipie Ziara?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunakusudia kwenda Moroko mwezi wa Januari, tukifuatana na mama mkwe ambaye ni mtu mzima na magoti humsumbua. Wakala ametushauri tulipie ziara ya gari kuanzia Casablanca hadi tutakaporejea Casablanca, ilhali jamaa yetu aliyesoma huko anasema treni zinatosha. Tunachotamani zaidi ni mji wa Fes na jangwa. Tumsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu miji, msikilizeni jamaa yenu; kuhusu jangwa, msikilizeni wakala. Reli ya abiria huunganisha Tangier, Rabat, Casablanca, Meknes, Fes na Oujda, na kwa upande wa kusini huishia Marrakech. Ng'ambo ya milima ya Atlas, yalipo matuta ya mchanga ya Merzouga, hakuna treni. Kulipia gari la kuwatoa Casablanca hadi Fes ni kupoteza fedha, kwa kuwa treni huenda kwa takriban saa nne, na mama ataweza kusimama, kunyoosha miguu na kwenda chooni bila kumwomba dereva asimame.

Mkitua, kuna treni inayotoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Casa Voyageurs, ambako mtabadilisha ya kwenda Fes. Msikichanganye na Casa Port, ambacho ni kituo kingine kabisa. Kateni tiketi za daraja la kwanza, kwa sababu viti vyake vina namba, na mwishoni mwa juma abiria huwa wengi.

Mji mkongwe wa Fes hauingii magari. Mizigo hupita kwa punda na mikokoteni katika vichochoro vyembamba vyenye miteremko, na ukisikia mtu akipaza sauti "balak!" nyuma yako, jibane ukutani upesi. Kwa ajili ya magoti ya mama, tafuteni nyumba ya wageni iliyo karibu na lango, kwa mfano Bab Boujloud, na muulize mapema kama chumba kiko chini, maana ngazi za nyumba hizo ni nyembamba na zimesimama sana. Mwongozaji awe mwenye kitambulisho rasmi.

Sasa ziara. Watu wengi huianzia Marrakech na kurudi Marrakech, wakipita barabara ndefu ile ile mara mbili. Nawasihi muianzie Fes na kuimalizia Marrakech: mtapita misitu ya mierezi ya Azrou, bonde la Ziz, na Merzouga penyewe, kisha mtashukia makorongo ya Todgha, Ouarzazate na ngome ya udongo ya Aït Benhaddou. Kutoka Marrakech mtarudi Casablanca kwa treni, kwa muda usiofika saa tatu. Kabla ya kulipa, mwulizeni wakala gari litabeba watu wangapi, chakula cha mchana kimo katika bei au hakimo, kambi ya kulala jangwani ina choo cha ndani au cha pamoja, na kama mama anaweza kufikishwa kambini kwa gari badala ya ngamia. Ombeni pia usiku wa ziada njiani, kwa kuwa siku tatu mfululizo garini ni adhabu kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Treni ya mwendo kasi, Al Boraq, iliyoanza mwaka 2018 na kufikia kilomita 320 kwa saa, haimo katika njia yenu; ni ya Casablanca na Tangier. Siku zikibaki, ipandeni.

Januari usiku wa jangwani ni wa baridi kali, na theluji huweza kuifunga barabara ya mlimani ya Tizi n'Tichka, iliyo zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kati ya Ouarzazate na Marrakech. Kwa hiyo msipange kusafiri kwa ndege siku ile ile ziara inapomalizika.