Umehamia kampuni? Usiwaachie mawakili wa nje jalada la kesi

Wakili msomi unayetoka ofisi ya uwakili kwenda kuwa mwanasheria wa kampuni, hapana. Umeuliza mshahara, leseni, na kama utaweza kurudi kwenye uwakili baadaye, lakini kilichonishtua ni pale uliposema bosi mpya kakuambia "kesi zina mawakili wa nje, wewe shughulika na mikataba", na umefurahi kwa sababu umechoka na mahakama. Usithubutu. Mkurugenzi wangu aliniambia maneno hayohayo nilipotoka ofisi ya uwakili, nikamwamini, na tukapoteza rufaa ambayo mpaka leo naona tulikuwa na hoja za kushinda.

Tulishindwa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara. Mawakili wa nje wakawasilisha notisi ya rufaa ndani ya siku 30, vizuri kabisa. Wakamwandikia Msajili wa mahakama kuomba nakala za mwenendo (maandishi ya yote yaliyosemwa kwenye kesi) na hukumu, nayo ndani ya muda. Kilichobaki ni kuwapa upande wa pili nakala ya barua ile. Karatasi moja tu. Haikupelekwa.

Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za 2009 unaijua: kumbukumbu za rufaa, yaani jalada zima la rufaa, ziingie ndani ya siku 60 tangu notisi, na siku za kusubiri nakala huwezi kuziondoa kwenye hesabu kama mjibu rufaa, yaani upande wa pili, hakupewa nakala ya barua hiyo. Mwenendo ulichukua miezi kutoka. Tukawa na cheti cha Msajili cha kuondoa siku hizo mkononi, tukajiona salama. Siku ya kusikilizwa wakili wao akasimama na pingamizi kwamba barua hawakupewa, rufaa ikaondolewa kwa gharama. Hoja zetu hazikuguswa hata moja.

Ukirudi kuomba kuongezewa muda unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, na Mahakama imeshasema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya msingi. Huku tunahangaika na viapo vya kuomba muda, mwenzetu aliyeshinda anakazia hukumu, yaani anadai alipwe kwa nguvu ya mahakama. Akaunti ikakamatwa, mishahara ikachelewa, watu wa ghala wananisimamisha kwenye ngazi kuniuliza watoto wao watakula nini.

Yule wakili mwandamizi, kila nilipompigia: "Msomi, kila kitu kipo sawa." Mambo yalipoharibika akamlaumu karani! Karani hana leseni ya uwakili, na barua ilitoka kwa nembo ya ofisi yake. Na mkurugenzi aliyenikataza kujisumbua na kesi ndiye aliyeuliza mbele ya bodi mwanasheria wa kampuni alikuwa wapi.

Hesabu siku mwenyewe. Kila hati uwe na nakala yenye mhuri wa mahakama NA sahihi ya upande wa pili. "Tumeshapeleka" ya WhatsApp usiipokee. Msajili ana siku 90 za kuandaa nakala. Zikiisha kimya, una siku 14 za kwenda kuzifuata, kwa hiyo usikae kungoja simu.

Leseni ihuishe kila mwaka, hilo halina mjadala.

Jumatatu omba majalada yote ya kesi zilizo hai, uanze na zilizohukumiwa karibuni. Tafuta barua ya kwenda kwa Msajili, angalia kama upande wa pili walisaini kuipokea. Kama hakuna sahihi, ichukue uipeleke mwenyewe siku hiyohiyo, halafu rudi hapa utuambie umekuta nini.