Hawakudai pesa, wanakudai habari

Barua za mwezi huu nyingi zimefanana, za watu waliosaidiwa na wasiowajua ama waliosaidia wakabaki na maswali, kwa hivyo nimechukua tatu tu. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

NIMEBAKI NA LESO YA MTU

Asalaam aleikum Shangazi. Nakaa Magongo hapa Mombasa, nauza nguo Mwembe Tayari. Wiki tatu zilizopita nlikua kwa matatu naenda tauni na mwanangu wa mwaka na nusu, alikua na homa tangu usiku nikasema ntampitisha dispensari nikishuka. Kufika Kibarani foleni imekwama, malori ya makontena mbele na nyuma, mtoto akaanza kukakamaa, macho juu, mikono inarukaruka, povu linatoka. Nlipiga ukelele nikajua ndio basi. Mzee mmoja akataka kumtia mswaki mdomoni asing'ate ulimi, mama aliyekua nyuma yangu akamzuia akasema la baba, tumlaze ubavu, akavua leso yake ya mabegani akaikunja akamuekea chini ya kichwa. Dereva akauliza jamani tunaenda Makadara hospitali, kuna mtu ana neno? Gari limejaa watu wa kazini na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Makanga akaruka chini akakimbia mbele yetu kwa miguu anagonga milango ya malori moja baada ya jingine yasogee, mpaka tukapata upenyo.

Hospitali wakasema ni malaria, sasa mtoto hajambo anapasua vikombe kama zamani. Lakini nlipotoka nje kuwatafuta gari lishaondoka, hata nauli hawakuchukua, nikabaki na leso ya yule mama, imeandikwa SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Sasa Shangazi nina mambo mawili. Mawifi zangu wanasema niichome hiyo leso, ati degedege ni jini na huwezi jua leso ya mtu usiyemjua imebeba nini. La pili, hili deni linanisumbua, hawa watu nawalipaje na hata majina siyajui?
Mama wa Magongo

Waaleikum salaam mwanangu, na alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma mara mbili na zote mbili nilipofika pale makanga anapogonga milango ya malori ilibidi niweke karatasi chini nipumue.

Leso usiichome. Wala usiitie chumvi wala usiipeleke popote kusomewa, ifue uikunje uiweke. Degedege si jini, ni ubongo wa mtoto mdogo unashtuliwa na homa, huwapata watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hivi, na mara nyingi hukatika lenyewe kabla ya dakika 5 kuisha. Na huku kwetu pwani hiyo homa yenyewe yaweza kua ni malaria kama ilivyokua kwa wako. Nawajua hao mawifi, yaani siwajui wao lakini nimekulia na maneno hayo hayo, kwamba mtoto wa dege akidungwa sindano anakufa kwa hivyo aanze kwa mganga. Ule muda unaopotea kwa mganga na malaria iko mwilini ndio unaotumalizia watoto. Yule mama wa leso alifanya sawasawa, mtoto analazwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, nguo zinalegezwa, unaangalia saa, na mdomoni hakuingii kitu, si mswaki si kijiko si maji si dawa, mpaka azinduke vizuri. Mzee wa mswaki alikua na nia njema kabisa lakini kijiti kinaweza kuvunjika kikamkaba. Halafu hospitali hata kama limekatika na mtoto anacheka, manake homa iliyolileta inataka kujulikana ni ya nini, isije ikawa ni ya uti wa mgongo.

Sasa la deni. Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Tarehe 29 Aprili 1994, Ijumaa asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu wanaoenda kazini, wakafa watu 272. Nlikua mdogo, na ninachokikumbuka zaidi si maji, ni watu kubisha mlango wetu siku zilizofuata, wengine wametoka bara huko mbali wamekuja kutafuta wao. Mamangu aliwatandikia mikeka barazani, chai ya rangi na mahamri asubuhi, usiku wali, hajui huyu ni nani wala yule ni wa wapi. Kuna mzee mmoja alilala kwetu siku tatu akitafuta kijana wake, kila jioni anarudi anatikisa kichwa tu. Siku ya nne tuliamka tukakuta ameshaondoka, mkeka ameukunja vizuri ameuegemeza ukutani. Mamangu mpaka anaingia kaburini alikua akituuliza, kwani yule mzee alimpata mwanawe? Hata mara moja sikumskia akisema yule mzee hakulipa, au hakuaga. Alichokua akikitaka ni kujua tu.

Ndio nakwambia wale watu wa gari hawakudai pesa, wanakudai habari. Hebu fikiria, walikushusha pale mlangoni na mtoto amelegea mikononi, wakageuza gari wakaenda kazini wamechelewa, na tangu siku ile yule makanga hajui kama alikimbia bure. Yule mama naye kila akifungua kabati anaona kipande kimoja cha leso, manake leso hununuliwa pea, mwenzake uko nayo wewe.

Kwa hivyo fanya hivi. Amka siku moja uende steji ya Magongo saa ile ile uliyopanda siku ile, na mtoto umbebe, usiende peke yako. Waambie wale vijana wa steji kisa chako, gari lililokatiza na mgonjwa hadi Makadara watakua wanalijua tu, vijana wa steji hawasahau safari kama ile, na kama unakumbuka jina la sacco lililoandikwa ubavuni ndio rahisi zaidi. Makanga akimuona mtoto anapasua vikombe, wewe mwenyewe utaona ushalipa. Muulize yeye kuhusu yule mama, abiria wa asubuhi hua ni wale wale na makanga anajua nani hushuka wapi. Ukitaka kumpa kitu nenda na hiyo leso mkononi Biashara Street uwaonyeshe, ukiipata ya rangi ile ile mnunulie pea nzima, na hii yake umrudishie pia usiibakishe.

NILIMPITA MTOTO ANALIA

Shangazi mimi kijana wa miaka 22 nakaa Bamburi. Idd iliyopita nlikua ufuoni Pirates na marafiki, watu mpaka hakuna pa kukanyaga, nikaona mtoto kama wa miaka minne hivi analia peke yake anaita mama. Nlitaka kumshika mkono nikaogopa, mimi nina dredi, na vile watu wanavosema siku hizi watoto wanaibwa, mtu mmoja akipiga kelele tu nimekwisha, nikampita. Niliporudi baadae sikumuona. Sasa silali.
Msomaji wa Bamburi

Mwanangu sitakutia makosani, hofu yako ina sababu, mji wetu huu mtu amepigwa kwa neno moja la uongo na sote tumeyaona. Na kwa wingi wa watu pale mwenye mtoto alikua naye anatafuta, kuna uwezekano mkubwa sana walionana, ushike huo.

Lakini siku nyingine jua hivi, kinachomtia mtu mashakani ni kusaidia kimya kimya. Kijana anayemvuta mtoto anayelia na kuondoka naye anaonekana mwizi hata akiwa malaika. Wewe usiondoke naye, chuchumaa pale pale alipo, usimshike, kisha paza sauti, JAMANI KUNA MTOTO AMEPOTEA HAPA MWENYEWE NI NANI. Halafu chagua mtu mmoja, mama mwenye watoto wake, umuashirie kabisa na kidole, dada wewe wa buibui lenye maua njoo unisaidie hapa. Usiseme jamani saidieni, hakuna atakayekuja, kila mmoja atadhani unamwambia mwenzake. Huyo dada akishafika wewe huna tena hofu, na watu wakishakuzunguka ndio vizuri, hao ndio mashahidi wako. Muulizeni mtoto mama amevaa nini, mmoja abaki naye na mwingine aende kwa waokoaji wa ufuoni, na pale baharini macho yaangalie maji kwanza. Mwenyewe asipopatikana ni polisi, au mpige 116, hiyo ni laini ya watoto na haikatwi pesa. Nyumbani kwako usimpeleke hata kama umeshikwa na huruma namna gani.

MKE WANGU ANASEMA NISIRUDIE

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi wa friji, nakaa Jomvu. Mwezi uliopita usiku kama saa nne nlikua natoka kazini, pale barabara kuu ya Nairobi lori likamgonga kijana wa bodaboda na halikusimama. Watu walikua wanapiga picha. Mimi na mwenye tuktuk mmoja tukambeba hadi hospitali moja ya binafsi iliyokua karibu, pale mapokezi wakanambia niweke elfu ishirini ndio aguswe, nikawambia simjui, wakasema wewe ndio umemleta. Tumebishana mpaka nikatoa elfu tatu na mia mbili nilizokua nazo, pesa ya malipo ya siku ile, ndio wakamfunga jeraha na kumuitia ambulensi ya kumpeleka hospitali kuu. Polisi nao wakachukua kitambulisho changu wakaniandikisha maelezo, nimefika nyumbani saa tisa usiku shati lote damu. Mke wangu alilia akasema nisirudie tena, ati ningefungwa. Je ni kweli sheria ingenishika? Na siku nyingine nipite tu?
Fundi, Jomvu

Marahaba mwanangu. Nianze na mkeo kwa sababu naona umeandika kama una hasira naye kidogo. Mume amefika saa tisa usiku na shati la damu, pesa ya unga hana, simu haikushikwa, angefanya nini isipokua kulia? Wema wako mmeulipia nyote wawili, na yeye ndiye hajaambiwa asante na mtu. Mwambie.

Sheria iko upande wako. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 43 inasema wazi mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 7 inasema kituo cha afya chenye uwezo kikikataa kumhudumia wa dharura ni kosa, faini yake yafika shilingi milioni 3. Ile elfu ishirini kabla ya kumgusa mtu anayevuja damu hawakua na haki ya kuidai. Siku nyingine waambie kwa adabu lakini kwa sauti, huyu nimemuokota barabarani si ndugu yangu, naomba mumuhudumie, na jina la aliyekukataza uliandike mbele yake. Karatasi watakayokupa isome kabla ya kutia sahihi, kama kuna mahali pameandikwa mdhamini ama atakayelipa usitie, andika tu kwamba ndiwe uliyemleta. Na hayo maelezo ya polisi ulitoa kama shahidi, si mshukiwa. Mwenye kosa ni dereva wa lori, sheria ya trafiki inamtaka asimame na yeye alikimbia, na pengine maelezo yako ndiyo pekee aliyonayo yule kijana.

Usipite. Ila kabla hujainua mtu piga 1199 ya Msalaba Mwekundu ama 999, na kama hayuko pahali pa kukanyagwa tena bora asubiriwe hapo hapo kuliko kukunjwa, shingo ikivunjwa na msaidizi haiungi. Helmeti usiivue maadamu anapumua. Damu ikandamize na kitambaa usiachie achie kuchungulia. Na wale wanaowapakia majeruhi mshikaki kwa bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma amebanwa katikati kichwa kinaning'inia, nawaomba sana waache, heri tuktuk yako ile maana angalau alilala.

Barua yako nzima haina pahali ulipouliza kuhusu kijana mwenyewe, kama alipona au la, na nadhani unaogopa kuuliza. Tarehe unaijua, saa unaijua, nenda hospitali kuu saa za kutazama wagonjwa uulize aliyeletwa usiku ule kutoka Jomvu, akiwa ameruhusiwa nenda steji ya bodaboda ya pale pale alipogongwa, wenzake watakua wanajua. Kama alifariki, wazazi wake watataka kumuona mtu aliyemshika mwana wao mkono njiani, hilo nakuhakikishia. Mchukue na mkeo mwende pamoja. Kisha niandikie, mistari miwili inatosha, manake sasa na mimi nimebaki nikijiuliza.