Gari la maji: kweli jamaa aliuawa na kampuni za mafuta?

SWALI: Shikamoo mhariri, hapa kijiweni washkaji wanabisha kila siku kwamba kuna Mmarekani alitengeneza gari linatumia maji badala ya petroli, wenye mafuta wakamwekea sumu. Ni kweli? – Bodaboda, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo ni Stanley Meyer wa Ohio. Wawekezaji wawili walimshtaki, wataalamu wakakagua mtambo wake wakakuta ni umeme wa kawaida tu unatenganisha maji, hamna jipya, na mwaka 1996 mahakama ikasema ni utapeli ikamwamuru arudishe dola 25,000. Mwaka 1998 akiwa mgahawani alishika shingo akatoka nje anasema amewekewa sumu, ndo stori ilipoanzia, ila uchunguzi wa maiti ulikuta kilichomuua ni mshipa wa damu wa kwenye ubongo uliovimba.

Na hata angekuwa hai bado, maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, ni kama majivu, ukitaka iungue tena lazima kwanza uitenganishe kwa umeme, na huo umeme ni mwingi kuliko nguvu utakayorudishiwa.

Sisemi makampuni ni malaika. Mwaka 1924 Osram, Philips na wenzao waliunda genge la Phoebus wakakubaliana balbu isizidi masaa 1000, ikizidi unapigwa faini, na nyaraka zake zipo! Hii ya Meyer kuwekewa sumu haina hata karatasi moja. Kwa hiyo wanaokuuzia vile vichupa vya kufunga kwenye injini eti uchome maji, usiwape hela yako.