Kuweka sabtaito kwenye video ya mzee: kwa nini WhatsApp inazifuta na namna ya kufanya zikae

Mkuu umesema una video ya babu yako ya kama dakika arobaini anaongea Kisukuma, unataka maneno ya Kiswahili chini ili wajukuu waliozaliwa mjini waelewe, na ulishaweka kabisa, kwenye laptopu zinaonekana vizuri ila ukirusha kwenye grupu la familia watu wanaona video tupu. Hii kazi nimeifanya sana kwa wazee wa upande wetu, ngoja nikueleze kwa urefu.

Ishu yako sio programu. Sabtaito zinakaa kwa njia mbili, na ni lazima ujue unataka ipi kabla hujaanza. Ya kwanza ni maneno kuwa faili lake peke yake, ile .srt, ambayo pleya kama VLC inaisoma na kuyaonyesha juu ya picha, mtu anaweza kuzima na kuwasha. Ya pili ni kuchoma, yaani maneno yanakuwa sehemu ya picha yenyewe, hayatoki tena. WhatsApp ikipokea video inaibana upya ikabaki picha na sauti tu, hilo faili la maneno hailijali, ndo maana yanapotea. Kwa hiyo ya WhatsApp choma, hakuna namna nyingine. Ya TV sebuleni acha srt nje, weka kwenye flashi folda moja na majina yafanane kabisa, babu.mp4 na babu.srt, TV nyingi za sasa zinaokota zenyewe.

Sasa hiyo srt ni maandishi ya kawaida tu, hata Notepad inafungua. Kila kipande kiko hivi:

12
00:03:41,200 --> 00:03:45,000
Wakati ule nilikuwa mdogo,
sikujua mambo ya ng'ombe.

Namba, muda wa kuingia na kutoka, maneno, alafu mstari mtupu ndo uanze kingine. Kabla ya zile milisekunde ni mkato sio nukta, na ule mstari mtupu usiusahau, ukiukosa vipande viwili vinaungana na pleya nyingine zinagoma kabisa. Usiandike muda kwa mkono lakini, utachoka. Shusha Subtitle Edit, ni ya bure, ya Windows, inakuchorea mawimbi ya sauti pale chini, unaona kabisa babu alipoanza kuongea na aliponyamaza, unaburuta na mausi unaandika. Ina sehemu ya kusikiliza na kuandika yenyewe, ila kwa Kiswahili inakosea mengi na kwa Kisukuma usijisumbue, kaa na mama au shangazi anayeijua lugha vizuri akutafsirie ukiandika.

Na hapa ndo penye kazi yenyewe, watu wengi wanapuuza. Mtazamaji anasoma na kuangalia picha kwa wakati mmoja. Mzee anaweza kusema "basi mimi wakati ule nilikuwa bado mdogo mdogo tu, sikuwa najua chochote kuhusu haya mambo ya ng'ombe", ukiandika yote mtazamaji anakuwa anasoma tu, uso wa babu hauoni, wakati uso wa babu ndo mali yenyewe. Angalia hapo juu nilivyoipunguza, maana imebaki yote. Mistari isizidi miwili, kila mstari herufi kama 40 hivi, kipande kisikae chini ya sekunde moja na kisizidi sita saba. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, "tulivyokuwa tukiwachungia" tayari imekula zaidi ya nusu ya mstari, kwa hiyo chagua. Alafu kata mstari pale pumzi inapokata, usiache "ya" au "kwa" inaning'inia mwishoni mwa mstari wa juu, weka "nyumba" juu na "ya bibi" chini, jicho linapita bila kukwama. Jina la mtu au la kijiji usilifupishe wala usiliruke, hata kama amelitaja mara moja tu, maana mjukuu mwingine atakuja kulitafuta hilo hilo.

Kitu kingine cha kwetu hasa ni hiyo alama ya ng'. Ukiandikia Word inaipinda yenyewe, alafu TV ikiisoma vibaya inatokea ngâ€™ombe. Ukiwa unahifadhi chagua UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi ambayo programu nyingi zinaielewa), na tumia ile alama iliyonyooka, kwisha.

Kabla ya yote haya kata video kwanza. Kama kuna sehemu simu ilianguka au kuna maongezi ya pembeni, toa kabla hujaanza sabtaito, maana ukikata baadaye kila kitu kinachofuata kinachelewa kwa muda ule ule uliokata. Kama imeshatokea sio mwisho wa dunia, Subtitle Edit ina sehemu ya kusogeza muda kuanzia mstari uliochagua kwenda mbele. Kupima tu fungua VLC ucheze na herufi G na H, G inawahisha maneno, H inachelewesha, kila ukibonyeza ni milisekunde 50, utajua unatakiwa usogeze kiasi gani.

Kuchoma sasa. Rahisi ni HandBrake, ya bure pia: fungua video, nenda Subtitles, ingiza srt yako, weka tiki kwenye Burn In, anza. Kama huogopi kuandika amri, ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika, inamaliza kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i babu.mp4 -vf "subtitles=babu.srt:force_style='Fontsize=24'" -c:a copy babu_wasap.mp4

Hiyo 24 ni ukubwa wa herufi, na kwa simu usiogope kuzikuza maana kuna mama zetu wanasomea kwenye skrini ndogo bila miwani. Itachukua muda kwa sababu inachora upya kila picha, laptopu ya zamani iache usiku. Choma dakika moja kwanza uirushe kwenye simu yako uone, ndo uchome yote. Na dakika arobaini usirushe kama video ya kawaida, ikate vipande au itume kama document isibanwe.

Video ya asili isiyochomwa usiifute, na ile srt itunze nayo pamoja. Ndugu walioko nje watoto wao wakitaka Kiingereza, unaikopi srt ile ile, unabadilisha maneno tu, mistari ya muda huigusi, unahifadhi babu.en.srt, unachoma nyingine.