Siku 10 Ugiriki: visiwa vingapi, na meli ipi?

SWALI: Mimi, mke wangu na mwanetu wa miaka 7 tunaishi Mombasa, na tunataka kwenda Ugiriki siku 10 likizo ya shule ya Agosti. Tumepanga Athens, halafu visiwa vya Mykonos, Paros, Naxos, Milos na Santorini. Siku ya mwisho tutapanda boti ya kasi kutoka Santorini, itufikishe Piraeus, bandari ya Athens, saa kumi jioni, na ndege yetu inaondoka Athens saa tatu usiku. Je, inawezekana? Na viza tuanze kuishughulikia lini?

JIBU: Ukipiga hesabu ya saa za tiketi, inawezekana. Kwa bahari ya Agosti, hapana, na siku inayonitia wasiwasi zaidi ni hiyo ya mwisho.

Julai na Agosti katika bahari ya Aegean huvuma meltemi, upepo mkavu wa kutoka kaskazini. Husukumwa na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Balkani na mgandamizo mdogo upande wa Uturuki. Nyinyi wa pwani mnaijua kaskazi. Meltemi nao unatoka upande huohuo, na hauleti wingu wala mvua. Mtaamka jua linawaka, mbingu haina doa, mfike gatini na mabegi yenu mwambiwe hakuna chombo kinachotoka leo. Ukianza kuvuma, unaweza kuendelea siku kadhaa mfululizo. Vyombo vidogo vya kasi ndivyo vinavyozuiwa mapema. Meli kubwa hustahimili zaidi. Safari ikifutwa kwa upepo, mtarudishiwa nauli ya boti au mtahamishiwa siku nyingine. Lakini shirika la ndege halina deni lolote kwenu: tiketi zimenunuliwa mbalimbali, na mkichelewa hasara ni yenu.

Kwa hiyo usiku wa mwisho laleni Athens. Hilo msilipunguze hata mkikosa kisiwa kimoja. Na visiwa vyenyewe viwe viwili, si vitano. Kila kuhama kunakula karibu nusu siku: kufunga mizigo, kutoka chumbani, kufika bandarini saa moja kabla, kusubiri chombo kilichochelewa, kisha kutafuta hoteli upande wa pili. Mkihama mara tano na mtoto wa miaka 7, mtakuwa mmeona bandari kuliko fukwe.

Ningepanga hivi: usiku mbili Athens, kisha nendeni moja kwa moja kisiwa cha mbali zaidi, Santorini, usiku tatu, mkirudi mshukie Naxos usiku tatu, halafu Piraeus na usiku mmoja Athens. Kila hatua baada ya Santorini inawasogeza karibu na uwanja wa ndege, na upepo ukiwafungia siku moja, mnaipunguza katika siku za Naxos bila kugusa ndege. Naxos inamfaa mtoto: ufuko wa Agios Georgios uko mwendo wa miguu kutoka mjini, na maji yake ni ya kina kifupi.

Chukueni meli kubwa ya kawaida. Piraeus hadi Santorini ni takriban saa nane, boti ya kasi takriban tano, lakini boti hiyo mara nyingi mnakaa ndani muda wote, na meltemi ikiipiga, abiria wanatapika. Meli kubwa ina sitaha ya wazi, na nauli yake ni nafuu zaidi. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 hulipa nusu, chini ya hapo ni bure. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda; ukishaanza kutapika haisaidii kitu. Treni ya metro kutoka uwanja wa ndege inafika Piraeus moja kwa moja kwa takriban saa moja. Bandari ni kubwa mno: tazameni kwenye tiketi mlango ulioandikwa herufi E na namba, kwa sababu kutoka mlango mmoja hadi mwingine kunaweza kuwa mwendo mrefu wa kukokota mabegi. Saa hamtabadilisha, majira ya kiangazi Ugiriki na Kenya zinakwenda sawa.

Epukeni kuvuka bahari siku za karibu na tarehe 15 Agosti. Ni sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwao, na meli hujaa. Shule ikifungwa mwanzoni mwa mwezi, ondokeni mapema muwe mmerudi Athens kabla ya tarehe 12.

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, ila linaweza kufika 45, kwa hiyo tafuteni miadi ya Aprili au Mei. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Nyinyi watatu ni euro 225, bila ada ya kituo cha maombi kama kipo. Bima iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Mahali maombi yanapoharibikia ni usiku usio na mahali pa kulala: hoteli zinaisha tarehe 8, ndege ni tarehe 10, na ofisa hajui mtalala wapi. Kila usiku uwe na karatasi yake, na hoteli ziwe za kufutika bila malipo hadi viza itoke.

Wekeni pia pesa ya kodi ya malazi, ambayo hoteli nyingi hudai mezani na haimo katika bei ya mtandaoni. Tangu 2025, Aprili hadi Oktoba, hoteli ya nyota tatu ni euro 5 kwa chumba kwa usiku, ya nyota nne euro 10. Kwa usiku 9 katika nyota tatu, hiyo ni euro 45.

Na jioni ya kuamkia kila safari ya bahari, angalieni utabiri wa upepo na ujumbe wa kampuni ya meli. Mkiona boti za kasi zimeanza kufutwa, pigeni simu usiku huohuo kuhamia meli kubwa, kwa sababu asubuhi kila aliyekwama atakuwa anagombea nafasi hizohizo.