Maswali Yenu Kuhusu Kazi: Kibarua wa Miaka Miwili Si Kibarua Tena

SWALI: Nimekuwa nikipakia bidhaa katika kiwanda kimoja cha eneo la viwandani kwa zaidi ya miaka miwili. Ujira wangu huhesabiwa kwa siku, ila hutumwa kwa simu kila Jumamosi. Sijawahi kupewa barua ya ajira. Majuzi niliomba likizo, msimamizi akaniambia kwamba kibarua hana likizo, na kesho yake nikazuiwa langoni. Je, nina haki yoyote? – Mfanyakazi, Mukuru

JIBU: Unazo haki, dada, tena ni nyingi kuliko alivyokueleza msimamizi wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayeajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja na kulipwa siku hiyo hiyo kazi inapokwisha. Mtu anayerudi kwenye lango lile lile kila asubuhi kwa miaka miwili, na kulipwa mwisho wa juma, hayumo katika maelezo hayo hata kama orodha ya malipo inamwita kibarua.

Kifungu cha 37 cha sheria hiyo ndicho kinachokuhusu zaidi. Kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha kabla ya miezi 3, ajira yake huhesabiwa kuwa ya kulipwa kwa mwezi na hawezi kuondolewa bila notisi. Akishafanya kazi miezi 2 au zaidi mfululizo, anastahili masharti yote ambayo angepata kama hangeanza kwa kibarua, ikiwemo likizo ya mwaka ya siku za kazi zisizopungua 21 kila baada ya miezi 12, yenye malipo kamili. Wapo mameneja hapa Nairobi wanaowapumzisha vibarua siku chache kila mwisho wa mwezi kisha kuwaita tena, wakiamini kwamba hesabu imeanza upya. Kwa kazi kama yako hila hiyo haina nguvu kubwa, kwa maana sehemu ya pili ya kifungu hutazama aina ya kazi yenyewe, na kupakia bidhaa katika kiwanda kinachozalisha kila siku si kazi ya kumalizika kesho. Naiona hila hii kuwa dhuluma, na ninawasihi wakuu wa idara za wafanyakazi wanaosoma safu hii waiache.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulijua: kifungu cha 46 kinataja kuomba likizo uliyostahili miongoni mwa sababu ambazo mwajiri hawezi kuzitumia kumfuta mtu kazi. Ikithibitika kwamba hilo ndilo lililokufungia lango, utadai malipo ya notisi ya siku 28, likizo ambazo hukupewa, na fidia ambayo mahakama inaweza kuifikisha mshahara wa miezi 12. Ikiwa mwajiri hakuwa akikulipia NSSF, dai pia malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Usivunjike moyo kwa kukosa barua ya ajira. Ajira ya miezi 3 au zaidi inapaswa kuandikwa, na wajibu wa kuiandika ni wa mwajiri. Asipoweza kuleta maandishi hayo kesi inapofika, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai. Hata hivyo, hifadhi kila kitu ulicho nacho: jumbe za malipo za kila Jumamosi, picha ukiwa umevaa ovaroli ya kiwanda, jumbe za kupangiwa zamu, na majina ya wenzako walio tayari kueleza waliyoyaona. Jumbe za malipo ndizo ningezitanguliza, kwa sababu zina tarehe na hazina upande. Nenda nazo kwanza katika ofisi ya leba ya kaunti, ambako afisa anaweza kumwita mwajiri na kujaribu kuwapatanisha. Mkishindwa, madai ya wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, na ya walio juu ya hapo huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Milimani. Una miaka 3 ya kufungua dai, lakini usingoje, kwani mashahidi huhama.

SWALI: Tunataka kujiunga na chama cha wafanyakazi, lakini meneja anasema kampuni yetu haivitambui vyama. – Dereva, Embakasi

JIBU: Kujiunga na chama hakuhitaji ruhusa ya meneja. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki hiyo, na jiji hili linaijua gharama yake: Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa Mei 1950 kwa ajili ya kazi yao ya vyama, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Kutambuliwa na mwajiri ni suala tofauti. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inamlazimu mwajiri kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kuwa wanachama. Kwa hiyo andikishaneni kwanza. Mkifikia idadi hiyo naye akikataa, chama kipeleke mgogoro kwenye usuluhishi na hatimaye mahakamani.

SWALI: Nina duka la mikate lenye wafanyakazi 9. Nimemwona mmoja kwenye kamera akitia pesa za mauzo mfukoni. Je, nimfute leo? – Mwenye duka, Kayole

JIBU: Uchungu wako naulewa, ndugu, kwa maana biashara ndogo huumizwa na wizi mdogo. Hata hivyo usimfute leo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakutaka umweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake anayemchagua au mwakilishi wa chama, kisha umsikilize kabla ya kuamua, hata kosa likiwa kubwa la kustahili kufutwa papo hapo. Waajiri wengi wenye ushahidi mzuri hushindwa mahakamani kwa kuruka hatua hii, na mimi naona mahakama haikosei: kamera inaonyesha mkono, lakini haionyeshi kama mfanyakazi alikuwa akirejesha pesa zake alizotumia kumpa mteja chenji.

Mwandikie barua inayotaja siku, saa na kiasi, umpe muda wa kujibu, mwonyeshe picha hizo, na uandike yatakayosemwa kikaoni. Maelezo yake yasiporidhisha, mfute kwa barua inayotaja sababu. Mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake, vivyo hivyo siku za likizo alizokwisha kustahili, na usimkate pesa kwa makisio ya hasara ya miezi iliyopita. Ikiwa amefanya kazi kwako kwa wiki 4 au zaidi, mpe pia hati ya utumishi, ambayo hutaja kazi aliyoifanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Hati hiyo haikulazimishi kumsifu.