Wazazi wana macho ya umbo moja, mtoto katoka na mengine: angalia jeni zilizojificha (CryptoKitties)

Mkuu umeuliza kama mfumo una hitilafu, kwa kuwa kwenye CryptoKitties (mchezo wa mtandaoni wa kuzalisha na kuuza paka wa kidijitali) umepandisha paka wawili wenye macho ya umbo moja na mtoto katoka na macho mengine kabisa. Hakuna hitilafu. Jambo hilo linaweza kutokea hadi mara 1 kati ya 4.

Kila paka ana jeni 48, yaani mafungu 12 ya sifa (manyoya, umbo la macho, mdomo, rangi n.k.), na kila fungu lina jeni 4. Inayoonekana kwenye picha ni ya kwanza tu, P. Zile H1, H2 na H3 zimejificha, ila zinarithiwa kama kawaida.

Kabla ya kufika kwa mtoto, jeni za kila mzazi zinapanguliwa kuanzia chini: H3 ina nafasi ya 25% ya kubadilishana na H2, halafu H2 na H1, halafu H1 na P. Ndipo mtoto anachukua jeni ya mzazi huyu au yule, nusu kwa nusu. Kwa hiyo kwa kila mzazi, P yake ina 37.5% ya kuonekana kwa mtoto, H1 karibu 9.4%, H2 2.3%, H3 0.8%. Wazazi wote wakiwa na macho yale kwenye P pekee, unapata 75%. Wakiwa nayo P na H1, unapanda hadi karibu 94%. Ndiyo maana paka wa sura ya kawaida mwenye H1 nzuri ni mali, na watu wanampita kila siku sokoni!

Kwa wanaotafuta sifa mpya: jeni huenda kwa jozi maalumu, mzazi mmoja akiwa na moja na mwenzake na nyingine; mfano jeni yenye alama 1 na yenye alama 2 huzaa mpya yenye alama h. Nafasi ni 25%, na kwa jozi za ngazi za juu 12.5%. Lakini jozi hukaguliwa baada ya kupangua, na kwenye P tu. Kama H1 za wazazi ni jeni nyingine, ile 25% inashuka hadi 14% hivi. H1 zikifanana na P, ni karibu 22%. Hakikisha kwanza H1 inafanana na P, jozi baadaye.

Angalia na kizazi. Mtoto anahesabiwa kutoka kwa mzazi mwenye kizazi kikubwa, kisha inaongezwa 1. Ukimpandisha wa kizazi cha 2 na wa 20, mtoto ni wa 21, naye ataanza na mapumziko (muda wa kusubiri kabla ya kupandishwa tena) ya siku nzima. Kuanzia kizazi cha 26 ni wiki. Na mapumziko hurefuka kila anapopandishwa, hadi yafike wiki.

Ndugu hawapandi, hata wa mzazi mmoja, wala mtoto na mzazi wake. Kwa hiyo fuga koo mbili zisizochangia mzazi, zote zikiwa na macho hayo P na H1, ndipo uzikutanishe.